Niliposema Nimeshika

Kama asubuhi ya leo umeshindwa kuinama kuvaa viatu, ukangoja mpaka watu wa nyumbani watoke nje ndipo ukavivaa huku umelala chali, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Shule niliacha darasa la nne, na mpaka leo sijui mgongo wa binadamu una mifupa mingapi. Ninachojua ni namna mtu anavyoishi na mgongo uliokwisha, namna anavyowaficha watu, na jinsi kuficha kwangu kulivyomvunja mtu ambaye hakunikosea kitu.

Kazi yangu ilikuwa kupasua mbao kwa msumeno wa shimo. Asiyeijua kazi hiyo nimweleze kidogo. Mnachimba shimo refu kupita kimo cha mtu, mnalaza mihimili miwili juu yake, kisha mnaviringisha gogo la mninga mpaka likae juu ya mihimili. Mtu mmoja anapanda juu ya gogo, mwenzake anaingia shimoni. Wa chini anavuta, na hapo ndipo meno yanapokula. Wa juu anaupandisha msumeno tena na kuuongoza ufuate mstari uliopigwa kwa uzi wa makaa. Wa chini unga wote wa mbao unamwagikia usoni. Wa juu ndiye anayeitwa fundi. Mimi nilisimama juu tangu mwaka wa uhuru, na aliyekuwa chini yangu miaka yote hiyo ni Kondo.

Kondo ni Mzaramo wa Mtendeni. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa, akazikwa hapa hapa. Mimi ni Mnyamwezi, kwetu Chemchem. Kwa hiyo tulikuwa watani, na watani hawasalimiani bila tusi. Nikichelewa alikuwa akiniuliza kama nimekufa njiani, na mali yangu arithi nani. Gogo likiwa gumu alikuwa akipiga kelele kutoka shimoni, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi!" nami namjibu kwamba Mzaramo akipewa mzigo hutafuta kwanza ngoma iko wapi. Siku nzima ilikwenda hivyo, na kazi ikawa nyepesi.

Lakini msemo ule wa mzigo mzito mimi niliuamini. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani na kurudi na vitambaa, na begani alikuwa na sugu ngumu ambayo sisi wajukuu tulipenda kuigusa. Kwetu mtu hakusimulia kwamba mwili unamuuma. Aliyesema hivyo alitazamwa tu, mazungumzo yakaendelea.

Baada ya Azimio la Arusha, wapasua mbao wa upande wa Ntalikwa tulijiunga tukafanya ushirika. Tulipasua mbao za milango na madawati ya shule za vijiji vipya, na sitaki mtu adhani naisema vibaya kazi ile. Niliipenda. Zamani tulimpasulia tajiri mmoja ambaye hata majina yetu hakuyajua. Sasa nikipita kijijini naona mlango nasema huu wangu. Mwenyekiti wetu alikuwa mpasuaji wa zamani, mtu wa haki na mkali. Kila mkutano alitukumbusha kwamba katika ushirika hakuna nafasi ya mnyonyaji, asiyetoa jasho ni kupe. Tulipiga makofi wote. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wengi.

Maumivu yalianza mwishoni mwa masika moja. Kwanza ilikuwa joto tu kiunoni, nikasema ni baridi ya ardhi. Kiangazi kilipoingia likawa jambo linaloshuka: kutoka kiunoni kwenda takoni, nyuma ya paja, nyuma ya goti, mpaka kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Asubuhi sikuweza kuinuka moja kwa moja. Nilijiviringisha ubavu, nikashusha miguu, nikashika ukuta. Nikipiga chafya niliona nyota. Mke wangu, Mama Zena, siku moja nilikuta ameupandisha mtungi wa maji juu ya kigoda ili mtu akiteka asiiname. Sikumuuliza kwa nini, naye hakusema.

Nilikwenda kwa dresa wa zahanati. Akanipa aspirini na kuniambia nipumzike wiki mbili. Nilimshukuru, nikatoka nikaenda moja kwa moja kazini. Zile aspirini nilizitafuna kavu kavu juu ya gogo, nikazipenda kuliko chakula. Mama mkwe akanitengenezea mafuta ya nyonyo, Mama Zena akanisugua kila jioni. Nilipata nafuu ya kulala, basi.

Lililoniuma zaidi ni sala. Ilifika mahali nikawa siwezi kusujudu nikainuka bila kushika kitu. Ruhusa ya kusali umekaa ipo, kila mtu anaijua, ila nilifikiri nani ataniona nimekaa. Ijumaa nikaanza kuwa na visingizio. Mara baiskeli imetoboka, mara nina mgeni. Nikasali chumbani nimefunga mlango, mwanangu Zena anauliza nje, "Baba yuko wapi?" na mama yake anajibu, "Mwache baba yako." Nilikuwa na miaka arobaini na saba, na nilikuwa najificha mbele ya Mungu kwa sababu ya majirani.

Sasa nieleze kosa letu, mimi na Kondo, maana nadhani sehemu nyingine lisingetokea. Mimi nilimwambia. Naapa nilimwambia. Siku moja nilisimama katikati ya gogo, jasho linanitoka lisilo la kazi, nikasema, "Mtani, mgongo unaniua leo."

Kicheko kikapanda kutoka shimoni. "Ufe upesi basi! Pilau ya matanga yako nimeingoja mpaka meno yanang'oka!"

Nami nikacheka. Ningefanya nini? Angekuwa mtu mwingine, angesimama akaniuliza. Lakini mtani huwezi kumwambia jambo zito ukiwa umelivika nguo za utani, kwa sababu na yeye atakujibu kwa nguo zile zile. Na yeye aliniambia. Mara ngapi alisema, "Mzee, mstari unayumba kama mlevi, shuka huku chini upumzishe mifupa"? Mstari ulikuwa unayumba kweli. Mbao zilikuwa zinatoka nene upande huu, nyembamba upande ule. Mimi nilimtukana, nikamwambia shimo ni la Wazaramo. Hivyo tukaambiana ukweli kila siku kwa zaidi ya mwaka mzima, na hakuna aliyemsikia mwenziwe.

Siku yenyewe miti ilikuwa imeanza kuchipua majani yale mekundu yanayokuja kabla ya mvua. Tulikuwa na gogo kubwa, la kupasua mbao za madawati. Tuliliviringisha kwa miti ya kusukumia mpaka likafika ukingoni mwa mhimili. Hapo utaratibu ni mmoja tu: mtu mmoja analizuia gogo kwa bega na mti wake, mwingine anaingia upande wa chini kuweka kabari. Anayezuia lazima aseme "Nimeshika." Bila neno hilo hakuna anayeingia.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi tangu asubuhi. Nililiegemea gogo, nikausikia uzito wake wote ukinijia kiunoni, na nilijua. Sitasema sikujua. Nilijua siwezi.

"Vipi, mbeba pembe?" Kondo akauliza, kabari mkononi.

"Nimeshika," nikasema.

Akainama akatanguliza mguu. Kitu kikakatika kiunoni mwangu, goti likaniacha, nikaanguka upande. Gogo likarudi. Kondo hakupiga kelele kubwa. Alisema tu, "Ah, Shabani," kwa sauti ya kushangaa, na mguu wake ulikuwa kati ya gogo na mhimili.

Wenzetu wa shimo la pili walikuja mbio wakaliinua. Lori la tumbaku lilikuwa linapita barabarani, likatubeba sote wawili juu ya marobota mpaka mjini. Kondo alikuwa amefumba macho, mguu umefungwa kanzu ya mtu. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi pembeni yake, kila shimo la barabara linanikata, na ndani ya moyo nilikuwa nashukuru kwamba nami naumia.

Hospitali yeye aliingizwa kwanza. Mimi nikabaki ukumbini pale kwenye benchi, watu wamejaa, watoto wana surua, kina mama wanapepea kwa ncha za khanga. Kukaa sikuweza. Nilisimama nimeshika nondo za dirisha, nikahesabu misumari ya dirisha hilo mpaka ikaisha. Bibi mmoja mzee akanitazama muda mrefu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Keti, mwanangu."

"Siwezi kuketi, bibi."

Alinyanyuka, akaniletea fimbo yake, akarudi kwenye benchi akishikilia mabega ya watu. Kisha akafungua kitambaa, akanipa matobolwa mawili, vile viazi vya kuchemsha na kukausha. Nilikula nimesimama, nikalia. Sikupata kumwona tena, na fimbo yake ninayo.

Nilipoitwa, nililazwa kitanda kilichotengwa na cha pili kwa pazia. Daktari akaninyanyua mguu, akanichoma kwa sindano kwenye vidole nikiwa sioni, anauliza nahisi wapi.

"Umeanza lini?"

"Leo, nilipoanguka."

Akanichoma tena. "Mzee wangu, mguu haufi ganzi hivi kwa siku moja. Lini?"

Sijui ni uchovu au ni yale matobolwa. Nikasema, "Masika ya mwaka juzi. Mguu wa kushoto siuhisi vizuri tangu masika ya mwaka huu. Hata leo asubuhi nilikuwa siuhisi."

Akaandika. Kisha upande wa pili wa pazia mtu akakohoa, na kikohozi kile nilikijua. Nimekisikia miaka yote kikitoka shimoni.

Walipolivuta pazia, Kondo alikuwa amelala ananitazama. Nilingoja tusi. Aliniambia, "Pole sana, ndugu Shabani." Ndugu Shabani! Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina nikiwa mzima. Nilitamani angenitemea mate.

Yeye alikatwa vidole viwili vya mguu. Mimi nilirudishwa nyumbani na amri moja: wiki sita chali, juu ya kitu kigumu. Daktari akasema zitandikwe mbao chini ya godoro. Mama Zena akaomba mbao kwa wenzangu, wakaleta zile zilizokataliwa kwa kuwa hazikunyooka. Nikazitambua. Nililala wiki sita juu ya mistari yangu iliyoyumba.

Wiki hizo mvua zilianza. Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa mvumilivu. Nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chungu cha haja, nikamfokea mtoto kwa kucheka. Mama Zena aliamka mapema kukaanga vitumbua vya kuuza, akarudi kunigeuza, akaenda shambani, akarudi kunigeuza. Siku moja aliniacha nusu nimegeuzwa, akakaa sakafuni akanipa mgongo, akasema, "Nimechoka, Baba Zena. Nimechoka na wewe." Kisha akainuka akamalizia. Nakuambia hili wewe unayeuguzwa: anayekuuguza naye ana mgongo.

Kila Jumamosi nilimtuma apeleke uji kwa Kondo. Kila mara alirudi na jibu lile lile, "Anasema ahsante, ndugu."

Wiki ya saba nilisimama. Hospitali haikuwa na mikanda ya mgongo, kwa hiyo mshona maturubai wa Mtendeni alinipima akanishonea mmoja wa turubai nene, wenye kamba kama za kiatu. Ulinikwaruza mbavu, lakini ulinishikilia. Safari yangu ya kwanza nimeuvaa ilikuwa nyumbani kwa Kondo, nyumba ya nne kutoka kwa mshonaji huyo. Nilipumzika njiani mara tatu.

Alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya kibao.

"Karibu, ndugu Shabani. Hali yako?"

"Kondo, nitukane."

Akauweka mguu vizuri juu ya kibao.

"Nitukane, nakuomba."

"Namtukana mtani wangu," akasema taratibu. "Mtani wangu namjua. Aliposema ameshika, mimi nilikuwa natia mguu bila kutazama. Wewe sikujui."

"Niliogopa."

"Nini?"

"Nikisema siwezi, watanitoa. Wataniita kupe. Mimi, Kondo. Nimesimama juu ya gogo tangu uhuru, leo niwe kupe?"

Alitazama mguu wake. "Mimi umeshaniambia, nyuma ya pazia. Nimesikia. Sasa kawaambie wale. Wako wengine wanaosema wameshika. Ukishawaambia, njoo, nitakutukana mpaka uchoke."

Mkutano ulikuwa chini ya paa la ghala, mvua inapiga bati. Tulikuwa wanaume kama ishirini. Kondo alikuja na mkongojo, akaketi nyuma. Nilipopewa nafasi nilisimama, nikafungua shati mbele yao wote, nikawaonyesha mkanda. Nikasema mgongo wangu umekwisha, na nilijua, nikaficha. Nikasema siku ile nilitamka nimeshika na sikuwa nimeshika, na vidole vya Kondo ni juu yangu. Nikasema siwezi tena kusimama juu, wala kuingia chini. Ninachoweza ni kunoa misumeno na kupiga mistari, nimekaa au nimesimama, kwa zamu. Kama kazi hiyo haitoshi, nitoeni.

Mwenyekiti, aliyesimama mezani, akasema, "Ndugu Shabani, tumekusikia na tunakuhurumia. Lakini niulize kwa faida ya wote. Sisi tupasue, wewe ukae unanoa. Tofauti ya hapo na kupe ni ipi?"

Ndipo mkongojo ukagongwa sakafuni nyuma.

"Mwenyekiti," Kondo akasema, "kupe ananyonya. Huyu mtumwa wangu ni Mnyamwezi kizee, hata ukimpa ng'ombe mzima hawezi kunyonya, meno hana. Mpeni meno ya msumeno anoe, labda atajifunzia."

Watu wakacheka. Mimi niliinamisha uso nikalia mbele ya wanaume ishirini, kwa kuwa nilikuwa nimetukanwa.

Wakakubaliana ninoe msimu mmoja, kisha tutazame. Kabla ya kufunga, Mwenyekiti akauliza kama yupo mwanachama mwingine mwenye maumivu anayoyaficha, aseme sasa, asiogope. Hakuna mkono ulioinuka. Kila mtu alitazama ardhi. Katibu akaandika hakuna.

Siku ya tatu akaja nyumbani kwangu mmoja wao, ameleta msumeno ninoe. Nikaupitisha kidole, ulikuwa mkali. Nilimtazama, naye akatazama kuku. Mwisho akaniuliza yule mshona turubai anakaa wapi hasa. Wiki iliyofuata wakaja wawili, siku mbalimbali, kila mmoja na msumeno usiohitaji tupa. Nikawafundisha namna ya kuinuka kitandani kwa ubavu, nikawaambia waende hospitali kabla mguu haujafa ganzi, na wakiulizwa lini, waseme lini.

Wa nne alikuja baada ya alasiri, mvua imekatika. Alikuwa Mwenyekiti. Amekwishatangulia mbele ya haki, na mjane wake ndiye aliyeniambia niandike hili. Hakuleta msumeno. Nilimsogezea kiti.

"Nitasimama tu," akasema.

Ndipo nikang'amua kwamba mikutano yote ile, miaka yote ile, sijapata kumwona ameketi. Tulidhani ni ukali wa kazi. Alifungua vifungo vya shati, akanigeuzia mgongo. Ulijaa alama za pembe za kuumika, zile za kunyonya damu ya maumivu, za zamani na mpya, zimepandana hata huoni ngozi.

Nilitandika mkeka juu ya mbao, nikamshika mkono nikamlaza, ubavu kwanza, kisha miguu, kama nilivyofundishwa. Alipofika chini pumzi ikamtoka ndefu, akafumba macho.

"Usimwambie mtu, Shabani," akasema. "Hata mke wangu hajui."

Mama Zena alikuwa uani anapeta mchele. Ungo ukanyamaza.

"Anajua, shemeji," akasema. "Siku nyingi tu anajua."